Je, kuendekeza ni ukuwadi?

*Swali: "Ninatafsiri kutoka Kiingereza kitabu kidogo kuhusu maadili ya uandishi wa habari. Mwandishi wake analirudia sana neno pander, akilielekeza kwa magazeti yanayowapa wasomaji kile tu wanachokitamani. Mimi nimelitafsiri kwa 'kuendekeza'. Mhariri wangu amelifuta kila mahali na kuweka 'ukuwadi', akisema hiyo ndiyo maana yake ya asili. Mahali pengine ameandika hata 'magazeti yanawadi wasomaji'. Naona haya kumpa mama yangu kazi hiyo aisome. Mwenzangu naye anasema neno lenyewe limetokana na panda, yule mnyama anayekaa kutwa akila mianzi, na kwa hiyo maana yake ni kudekeza tu. Nani kati yetu yuko sahihi, na neno hili limetoka wapi hasa?"*

Ndugu msomaji, swali lako lina mambo mawili yaliyofungwa katika fundo moja. Unataka kujua neno hili limetoka wapi, na unataka kujua kama asili yake inakulazimisha kulitafsiri kwa namna fulani. Mhariri wako amelijua jibu la jambo la kwanza, akadhani kwamba papo hapo amelimaliza na la pili. Mwenzako amekosea kabisa katika la kwanza, ila katika la pili hayuko mbali na ukweli kama unavyoweza kudhani. Wewe umechagua neno zuri, ingawa nalo lina upungufu ambao nitaueleza nikifika mahali pake.

Tumwondoe kwanza mnyama. Panda mdogo mwekundu alielezwa kisayansi na Mfaransa Frédéric Cuvier mwaka 1825, na yule mkubwa mweusi na mweupe hakujulikana kwa wataalamu wa Ulaya hadi mwaka 1869, alipoelezwa na padre Armand David, naye Mfaransa. Neno unalolitafsiri lilikuwa likitumika katika Kiingereza tangu karne ya 16, yaani kabla Mwingereza yeyote hajapata kulisikia jina la mnyama huyo. Kinachowachanganya watu ni sikio. Waingereza wengi hawaitamki r ya mwisho wa neno, kwa hiyo maneno hayo mawili hutoka vinywani mwao kwa sauti moja, na hata wao wenyewe huyakosea wanapoandika. Wala halina undugu na panda zetu za Kiswahili, ya mbegu au ya mti.

Neno hili lilianza kama jina la mtu. Katika utenzi wa Iliadi wa Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, Pandarus ni mpiga upinde hodari anayepigana upande wa Troy. Wagiriki na watu wa Troy walikuwa wameapiana kusimamisha vita, mungu wa kike Athena akamshawishi Pandarus arushe mshale, mshale ukamjeruhi Menelaus, mfalme wa upande wa Wagiriki, na mapatano yakavunjika. Huyo ndiye Pandarus wa kwanza: mvunja kiapo, askari, asiye na habari na mapenzi ya mtu yeyote. Anauawa na Diomedes, shujaa wa Kigiriki, kwa mkuki unaompata karibu na pua, ukapita kwenye meno na kumkata ulimi kwenye shina. Ni kifo cha ajabu kwa mtu ambaye jina lake lingekuja kubebeshwa kazi ya kupeleka na kurudisha maneno ya wapenzi.

Aliyembadilisha si Mgiriki. Katika karne ya 12 Mfaransa Benoît de Sainte-Maure aliisimulia upya hadithi ya Troy na kuingiza ndani yake mapenzi ya mwana wa mfalme, Troilus, na mwanamke aliyemwita Briseida. Karne mbili baadaye Boccaccio wa Italia aliichukua hadithi hiyo, akamwita mwanamke Criseida, na akahitaji mtu wa kubeba barua na kumlegeza bibi huyo aliyesitasita. Kazi hiyo akampa Pandaro, ambaye kwake ni kijana, rafiki wa Troilus na binamu wa mwanamke. Kisha, katika miaka ya 1380, mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer akaiandika hadithi hiyo kwa Kiingereza na kufanya badiliko dogo lenye uzito mkubwa: Pandarus akawa mjomba wa Criseyde. Msomaji wa Kiswahili ataliona jambo hili haraka kuliko wengine, kwa sababu anajua mjomba ni nani na anatazamiwa kumlinda nani. Mtu aliyepaswa kusimama mlangoni ndiye anayeufungua mlango usiku.

Ukimsoma kwa mara ya kwanza unaweza kudhani kwamba huyu ni mshenga tu. Tofauti ni kwamba mshenga hutumwa mchana, na jamaa wa pande zote mbili wanajua amekwenda wapi na kusema nini. Anachokitafuta ni ndoa, na heshima yake inatokana na uwazi huo. Pandarus anaficha, anadanganya kidogo hapa na pale, na ndoa haimo kabisa katika mipango yake. Lugha yetu inayatenganisha majina ya watu hawa wawili kwa ukali, na mshenga akiitwa kwa jina la yule mwingine atakuwa na haki ya kukasirika.

Shakespeare alipoiigiza hadithi hiyo, mnamo mwaka 1602, jina lilikwisha kuwa tusi mitaani, naye akalifanyia mzaha: Pandarus wake anasema mwenyewe kwamba wapambe wote wa namna yake na waitwe kwa jina lake hadi mwisho wa dunia. Katika mchezo wake mwingine, kwa maandishi ya toleo la mwaka 1623, Hamlet anamkaripia mama yake kwa kusema kwamba akili imegeuka kuwa kuwadi wa tamaa. Hatua hiyo ndiyo inayotuhusu. Hakuna mwanamume wala mwanamke anayepelekwa kwa mwenzake hapo; kinachohudumiwa ni tamaa yenyewe, na anayeihudumia ni akili iliyopaswa kuizuia. Tangu hapo njia ilikuwa wazi kwa neno kutumika juu ya mtu anayelisha chuki, umbea, woga au majivuno ya watu wengine. Tahajia nayo ilisaidia, kwa kuwa jina lililoandikwa zamani kwa -ar lilihamia -er, na kwa macho ya Mwingereza -er ni alama ya mtenda kazi.

Sasa tuje kwa kuwadi, ambalo mhariri wako amelishika kwa mikono miwili. Ni neno la Kiarabu, qawwad, na mzizi wake una maana ya kuongoza, hasa kule kumtangulia mnyama ukiwa umeshika hatamu yake. Mzizi huohuo umewapa Waarabu neno la kamanda na kiongozi. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba mkuu wa jeshi na mtafutia-watu-wanawake ni ndugu wa mzizi mmoja, lakini ukilitafakari utaona mantiki yake, maana wote wawili hutangulia, na wanaofuata hufuata. Kiswahili kililipokea neno, kikaipunguza ile w iliyokazwa, kikaongeza irabu mwishoni kama kawaida yake, na kuliweka katika ngeli ya li-ya: kuwadi, makuwadi. Kazi yake ni ukuwadi.

Kwa hiyo ile ku- ya mwanzo si ku- ya kitenzi. Ni sehemu ya mwili wa neno, kama ilivyo katika kuku au kuti. Kusema "magazeti yanawadi wasomaji" ni sawa na kumkata mtu kichwa ukidhani ni kofia. Kitenzi wadia tunacho, tena ni kizuri, lakini hicho ni cha wakati uliowadia na hakikutokana na kuwadi. Ikiwa mhariri wako anashikilia neno lake, basi aseme "wanafanya ukuwadi" au "wamekuwa makuwadi wa".

Hata hivyo nisingeshauri hivyo, na hapa ndipo ninapoachana naye kabisa. Ni kweli kwamba kwa asili pander na kuwadi ni neno moja katika lugha mbili. Lakini maneno mawili yaliyoanzia mahali pamoja hayalazimiki kufika mahali pamoja. La Kiingereza limepoteza harufu yake: msomaji wa leo analipita gazetini bila kuwaza danguro, na wengi hawajapata kusikia habari za Pandarus. La kwetu harufu yake ingalipo, kali kama jana, na ndiyo maana unaona haya mbele ya mama yako. Haya hiyo ni ushahidi wa kiisimu, usiipuuze.

Kuna tofauti ya pili ambayo naiona kubwa zaidi ya hiyo ya adabu. Kuwadi nalo limetanuka hadi kwenye siasa. Tumezoea kusikia makuwadi wa ubeberu, na riwaya ya Chachage Seithy Chachage ya mwaka 2002 ina jina la *Makuadi wa Soko Huria*, kwa tahajia isiyo na w. Angalia basi kuwadi huyo wa siasa anamtumikia nani. Anamtumikia mkubwa wa nje, naye anampelekea watu wake mwenyewe, ardhi yao na mali yao. Umma kwake ni ile bidhaa inayouzwa. Anayeshutumiwa kwa pander katika Kiingereza cha leo amegeukia upande mwingine kabisa: anautumikia umma, anaupa kile unachokililia, na kwake umma ni mteja. Lugha mbili zilimchukua mtu yuleyule aliyesimama kati ya wawili, moja ikamtazama akiwa amemwelekea anayetamani, nyingine ikamtazama akiwa amemshika mkono anayetolewa.

Ukiandika kwamba gazeti linafanya ukuwadi, msomaji wako ataelewa kwamba gazeti linawauza wasomaji wake kwa watangazaji wa biashara au kwa wenye madaraka. Huenda hilo nalo ni kweli kwa magazeti fulani, lakini ni shutuma nyingine, na kwa jinsi unavyomweleza mwandishi wako, hakuitoa yeye. Kumbebesha mwandishi shutuma ambayo hakuitamka ni kosa kubwa kuliko kumpunguzia ukali.

Sasa tulifungue neno lako. Shina lake ni enda, neno la kale sana la Kibantu ambalo hapo zamani lilianza kwa g. Sauti hiyo imedondoka kwetu, lakini Waganda na Wanyarwanda wanayo hadi leo katika genda. Kutokana na enda tunapata endeka, yaani kuwa katika hali ya kuweza kwendwa: njia yenye tope haiendeki. Tukiongeza -eza, kiambishi cha kusababisha, tunapata endekeza. Kipande kwa kipande, basi, kuendekeza ni kukifanya kitu kiendeke, kukilainishia njia hadi kipite bila kizuizi. Ukiendekeza uvivu, hukuuleta wewe. Ulikuwapo tayari umeketi, wewe umeufagilia njia tu. Katika maneno yote tuliyo nayo sijaona lingine linaloiweka lawama mahali pake kwa usahihi kama hili. Tamaa inabaki kuwa ya mwenye nayo, lakini kupita kwake ni kazi ya yule aliyeiendekeza.

Linganisha na ndugu yake endeleza, ambaye wanatofautiana kwa konsonanti moja tu. Kuna endelea, kwenda mbele bila kukoma, na kutokana nayo endeleza, kukifanya kitu kisonge mbele. Kuendeleza ni sifa, kuendekeza ni lawama, na l na k haziko mbali vya kutosha kumwokoa mchapaji aliyechoka. Niliwahi kusahihisha hotuba moja iliyoahidi "kuendekeza vipaji vya vijana", na nilisita kidogo kabla ya kuirekebisha, kwa sababu kwa jinsi hotuba yenyewe ilivyokuwa, kosa lilikaribia kuwa kweli. Ukimaliza kazi yako tafuta kila mahali penye maneno haya mawili uyakague moja moja.

Mwenzako amependekeza kudekeza. Hapa mtu huangalia nini kinachofuata kitenzi. Anayedekezwa ni kiumbe: mtoto, mgonjwa, mume, paka. Anadeka, yaani anajilegeza na kujibebisha kwa kujua kwamba kuna wa kumpokea, na sisi tunamdekeza kwa kumpokea. Kinachoendekezwa mara nyingi ni hali au tabia: uvivu, anasa, majungu, njaa. Ndani ya kudekeza kuna mapenzi hata pale tunapolaumu, na ndiyo maana neno hili halimfai mhariri wa gazeti la umbea, ambaye hawapendi wasomaji wake hata kidogo. Methali inayosema mchelea mwana kulia hulia yeye inamhusu mzazi anayedekeza, na chozi lake ni la huruma iliyokosea njia. Ile nyingine ya mtoto akililia wembe mpe hutajwa mara nyingi kana kwamba inaruhusu kuendekeza. Kwa kweli inafundisha kinyume chake, kwamba aliyeshindikana kwa maneno atafunzwa na makali.

Nilisema kwamba chaguo lako lina upungufu, nao ni huu: kuendekeza hakusemi lolote kuhusu faida. Mtu anaweza kuendekeza uvivu wake mwenyewe, peke yake chumbani, bila kutafuta chochote kwa yeyote. Katika neno la mwandishi wako kuna hesabu ya mapato, kwani gazeti linawapa watu wanachokitamani ili linunuliwe, na mwanasiasa anayachochea mashaka ya watu ili apigiwe kura. Neno letu lenye hesabu hiyo ni kujipendekeza, ambalo limejengwa kwa nguzo zilezile za endekeza, yaani penda, pendeka, pendekeza, pamoja na ile ji- inayomrudishia mtenda tendo lake: kujifanya upendeke. Lakini kujipendekeza nako kuna kasoro, kwa kuwa kwa kawaida mtu hujipendekeza kwa mkubwa wake, na humo ndani hakuna tamaa inayolishwa.

Kwa hiyo mimi ningeacha kutafuta neno moja la kusimama kila mahali, na ningeangalia kila mara Kiingereza kimeweka nini mbele ya neno hilo. Kikiweka tamaa au kasoro, kama vile chuki, udaku, au hamu ya kuona damu, kuendekeza kunatosha na kunapendeza, na faida inayotafutwa itajulikana kutokana na muktadha. Kikiweka watu, yaani wasomaji au wapiga kura, kuendekeza pekee kutalegea na kusikika kama kudekeza. Hapo sema "kujipendekeza kwa wasomaji kwa kuendekeza udaku wao", au rahisi zaidi, "kuwalisha wasomaji kile tu wanachokitamani". Sentensi itarefuka, lakini itasema ukweli. Usikimbilie kukidhi wala kuridhisha, kwa sababu maneno hayo hayana lawama. Duka linalokidhi matakwa ya wateja linasifiwa, na mwandishi wako hakuwa akisifu. Ukuwadi ningeuhifadhi kwa mahali pamoja au pawili ambapo yeye mwenyewe anamrudia Pandarus au anataka kwa makusudi msomaji ashtuke. Hapo mwachie mhariri neno lake, naye atatulia.

Kuna mazingira mamoja ambamo haya yote hayatumiki, nami nakuomba usiyaamue peke yako wala kwa kunitegemea mimi. Katika sheria za baadhi ya majimbo ya Marekani neno hili bado ni jina la kosa la jinai. Katika jimbo la California, kifungu cha 266i cha sheria ya makosa ya jinai kinalitumia kwa kumshawishi au kumpatia mtu mwingine nafasi ya kuingia katika ukahaba. Kama kitabu chako kinanukuu hukumu au hati ya mashtaka, hata mara moja, kuendekeza kutakuwa upotoshaji, na ukuwadi wenyewe unaweza kuwa mpana au mwembamba kuliko kifungu. Mpelekee mwanasheria au mtafsiri wa mahakama kurasa hizo, mkae naye mkiwa na maandishi ya lugha zote mbili mezani. Na kama mwandishi yu hai na anafikika kwa barua, mwandikie umuulize swali moja tu: anaposema magazeti yanafanya hivyo, anamwona msomaji kama mteja anayelishwa, au kama bidhaa inayouzwa? Jibu lake litaumaliza ubishi wako na mhariri kabla chai haijapoa.